Mstari wa Jumatatu

Kile kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali kilikuwa na watu arobaini na watatu, na kabla Meneja hajaja hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kukosea. Shuka likiungua, liliungua lenyewe. Gunia la foronya likipelekwa wodi ya watoto badala ya wodi ya wazazi, basi gunia lilikuwa na miguu. Ukiuliza, kila mtu anamtazama mwenzake, na mwenzake anatazama dari. Meneja aliikuta hali hiyo akaichukia kwa moyo wake wote, maana alikuwa mwanamke asiyependa mizunguko. Mwezi haujaisha, akachukua kopo la rangi ya njano na brashi, akapiga magoti mwenyewe kwenye sakafu ya ukumbi wa kukunjia, akachora mstari wa urefu wa hatua nne.

Kanuni ilikuwa nyepesi. Kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, wote wanakusanyika ukumbini. Aliyekosea wiki iliyopita anatoka kwenye safu, anasimama kwenye mstari, anasema, "Ni mimi." Halafu anaeleza alichofanya na jinsi atakavyokirekebisha. Akisema mwenyewe hafukuzwi, hagombezwi, wala haitwi ofisini. Akificha na ikagundulika, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Wiki tatu za mwanzo mstari ulikaa mtupu, na watu wakampa Meneja jina la Mama Mstari, tena kwa kicheko cha puani. Wiki ya nne akatoka dereva wa gari la mashuka, bonge la mtu mwenye haya, akasema kwa sauti ya mdomo mkavu kwamba ni yeye aliyeacha magunia sita yakanyeshewa mvua. Hakufukuzwa. Wiki ya tano wakatoka wawili. Baada ya mwaka, watu wale wale walikuwa wanafua mashuka ambayo zamani yangehitaji kiwanda kingine, na vitu viliacha kupotea. Mkurugenzi, mwenye kiwanda hicho na vingine viwili, akawa hana kikao asichomtaja Meneja. Wala haikuwa kazi ya kubezwa, aliifanya kwa jasho lake. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti: kwa miaka minne yote Meneja mwenyewe hakuwahi kuukanyaga ule mstari. Alisimama upande wa pili na daftari lake, akisikiliza ya wenzake.

Fundi wa mitambo alikuwa mjomba wa Meneja, kaka wa mama yake, tumbo moja. Baba yake alipofariki yeye akiwa darasa la tatu, mjomba ndiye aliyempeleka shule kwa baiskeli kila asubuhi, na ndiye aliyekwenda kukaa kwenye vile viti vidogo vya darasani siku za wazazi, magoti yakimfika kidevuni. Miaka mingi baadaye, kiwanda kilipotafuta msimamizi wa zamu, mjomba ndiye aliyebeba barua yake ya maombi mfukoni, ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki isije ikapata grisi. Alipopandishwa kuwa meneja, alimwomba mjomba jambo moja: kazini wasiitane kindugu, watu wasije wakasema kuna upendeleo. Mjomba alimpigia saluti kwa bisibisi, akasema, "Sawa, Meneja." Hakuteleza hata siku moja. Aliyeteleza ni Meneja mwenyewe, wiki ya pili tu, alipoita "Mjomba" ukumbi mzima katikati ya kelele za mashine, na tangu hapo kiwanda kizima kikawa kinamwita Mjomba, hata mlinzi wa getini aliyemzidi umri.

Sasa, kulikuwa na pasi mbili kubwa, zile za rola mbili ndefu zinazomeza shuka likiwa bichi na kulitema upande wa pili limenyooka. Mbele ya rola kuna ubao mwembamba wanaouita kinga. Kidole kikiugusa tu, pasi nzima inasimama. Swichi ya kinga ya pasi ya pili ilikuwa imechakaa, ikawa inasimamisha mashine bila kuguswa, mara ishirini kwa siku, mara thelathini, mpaka wapiga pasi wakawa wanaicheka kwamba imezeeka na inaogopa vivuli. Jumatano moja mchana Mjomba alimpigia Meneja simu. Meneja alikuwa hospitali kubwa, amekaa na wakubwa wa pale, ndiyo kwanza amewaahidi mashuka mara mbili ya kawaida kwa wiki ile kwa sababu walikuwa wanafungua jengo jipya. Mjomba akaomba siku mbili: aizime pasi, akatafute swichi, aifunge, aijaribu.

Meneja alitoka nje kwenye korido akaongea kwa kuminya sauti. Alisema siku mbili hazipo. Alisema aifunge ile kinga kwa waya ili isisimamishe mashine, kazi iende hivyo mpaka Ijumaa jioni, halafu Jumamosi aizime hata mwezi akitaka.

Mjomba alimkumbusha. "Meneja, ile ni kinga."

"Najua ni kinga. Mpaka Ijumaa tu. Waambie wawe waangalifu."

Wawe waangalifu. Maneno haya mepesi sana kinywani mwa mtu aliyesimama koridoni. Mjomba aliifunga kwa waya.

Alhamisi saa tano asubuhi, mwanamke aliyelisha pasi ya pili kwa miaka tisa, waliyemwita Mama Pacha kwa ajili ya wanawe wawili, alilivuta shuka lililojikunja ncha, na rola ikachukua vidole vyake vinne vya mkono wa kulia pamoja na shuka. Aliyekuwa karibu alikimbilia swichi ya ukutani, lakini hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Mjomba ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari. Dereva yule mwenye haya aliendesha huku analia, na Meneja alipofika kiwandani alikuta sakafu imeshaoshwa na watu wamekaa juu ya magunia.

Siku tatu zile Meneja hakulala sawasawa. Alikuwa anajua vizuri Jumatatu inakuja na anajua ni nani wa kusimama. Jumapili aliyapanga maneno yote bafuni, akayasema mbele ya kioo, yakatoka. Lakini Jumatatu saa moja na robo gari la Mkurugenzi likaingia getini, jambo ambalo halijawahi kutokea saa hizo. Akashuka na koti lake, akaja kusimama ukumbini bega kwa bega na Meneja, na Meneja akakumbuka kwamba mwezi ule ule bwana huyu alikuwa amemdokeza juu ya kumkabidhi viwanda vyote vitatu. Yale maneno ya bafuni yakarudi yalikotoka.

Mjomba alitoka kwenye safu bila kuitwa. Alikuja mpaka kwenye mstari, akasimama si katikati kama watu wanavyosimama, bali mwisho kabisa upande wa kushoto.

"Ni mimi," alisema. "Kinga ya pasi ya pili niliifunga kwa waya Jumatano mchana. Nilijua si sawa na nikaifunga. Ningeweza kukataa, sikukataa. Hilo ndilo langu."

Hakurudi kwenye safu. Aliendelea kusimama pale pembeni, macho chini, na hatua tatu za mstari zikabaki wazi kando yake. Meneja aliiona ile nafasi. Aliielewa kama anavyoelewa jina lake. Mzee alikuwa amesema sehemu yake tu, hakuongeza wala hakupunguza, hakumtaja mtu, na sehemu iliyobaki alikuwa amemwachia mwenyewe. Watu arobaini walisubiri. Mkurugenzi akakohoa, akatazama saa yake.

"Asante, Fundi," Meneja alisema. "Rudi mahali pako."

Mjomba akarudi. Watu walitawanyika kwenda kuwasha mashine, na Meneja akaandika tarehe kwenye daftari, akaona haya, haya ya kweli inayochoma masikio, na akajiambia kwamba atalimaliza jambo hilo wakiwa wawili, yeye na Mjomba.

Ofisini Mkurugenzi hakukaa hata kitini. Alisema yule mzee aende. Meneja alimkumbusha kanuni, kwamba anayesema mwenyewe hafukuzwi, kwamba kiwanda chote kimesimama juu ya neno hilo. Alisema hayo kwa nguvu, tena karibu aseme na lile lingine, lilikuwa limefika kwenye ulimi kabisa.

"Kanuni yako ni ya mashuka," Mkurugenzi alimjibu. "Hivi ni vidole vya mtu. Wakaguzi watataka jina."

Jina walipewa. Barua iliandikwa na karani, ikasema uzembe uliosababisha madhara makubwa kazini, na Meneja akatia saini. Hakuwa na moyo wa kumkabidhi mwenyewe, akamtuma karani. Karani alirudi akasema mzee ameisoma mara mbili, ameikunja vizuri, na ameomba apewe dakika kumi amwoneshe fundi mwenzake mahali bomba la boila linapovuja.

Miaka ishirini na sita ya Mjomba kiwandani ikaisha hivyo.

Mama wa Meneja, mdogo wa huyo Mjomba, alipiga simu jioni ile kuuliza kakake amefanya kosa gani hasa, maana mwenyewe amemuuliza na kaambiwa tu kwamba alifunga waya. Meneja alisema ni mambo ya kazini, Mama, magumu kueleza. Mama hakuridhika. Alisema kakake hajawahi kuwa mzembe, tangu utoto hata kamba ya ng'ombe alikuwa anaifunga mara mbili. Meneja alisema ana kazi, atampigia.

Jumatatu iliyofuata hakuna aliyetoka kwenye safu. Na iliyofuata vilevile. Meneja anauliza kama kuna mwenye neno, watu wanatazama mbele, saa inapiga, wanakwenda kazini. Ripoti za mwezi ule zilionesha makosa sufuri, na Mkurugenzi alifurahi sana, akaandika kwamba hatua kali zimezaa matunda. Meneja yeye si mjinga. Siku moja alikwenda nyuma ya mapipa ya sabuni kutafuta ufunguo, akakuta mashuka kumi na moja yaliyoungua, yamekunjwa kwa ustadi, yamepangwa, yamefunikwa gunia. Alikaa juu ya pipa akayatazama. Kazi ya miaka minne ilikuwa imefichwa pale pamoja na yale mashuka, na aliyeificha alikuwa yeye, si aliyeunguza.

Mama Pacha alirudi baada ya wiki tano. Meneja alimtafutia kazi ya mapokezi, kuhesabu magunia yanayoingia na kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazopanda na kushuka. Alikuwa anamsalimia Meneja vizuri tu. Meneja akawa anaingilia mlango wa nyuma.

Jumapili moja alasiri alipiga moyo konde akaenda kwa mjomba wake. Alimkuta barazani amezungukwa na vitu vya majirani: feni mbili, redio, pasi ya mkono, birika la umeme lililopasuka kifuniko. Mzee alikuwa mjane, amezoea kujipikia, na alikuwa amekonda. Alimkaribisha kwa furaha kabisa, akamwuliza habari za watoto, akamwuliza kama lile bomba la boila limezibwa. Akampa bisibisi amshikie.

"Mjomba, nimekuja kukuomba msamaha."

"Nipe ile ndogo, hiyo ni kubwa mno." Aliichukua, akafungua skrubu ya feni taratibu. "Mwanangu, mimi nilikusamehe kabla hujashuka kwenye gari. Hilo lisikunyime usingizi. Lakini yule mama hakukatwa vidole hapa barazani kwangu. Ya kazini hayasemwi hapa, unakwenda kuyasema kazini. Mimi langu nilishalisema."

"Nikisema nitafukuzwa."

"Huenda," Mjomba alisema. "Mimi nimefukuzwa na bado nashiba, ingawa nakubali mapishi ni mabaya."

Meneja alicheka, halafu kicheko kikageuka, akalia kama alivyokuwa analia utotoni, bila kujificha uso. Mjomba akamwacha alie. Alimwambia tu kwamba watu wale hawakuacha kuja kwenye mstari kwa kuogopa kufukuzwa. Walikuwa wanafukuzwa na kuajiriwa tangu zamani, hilo wamelizoea. Waliacha kwa sababu wameona kuna mtu mmoja ambaye mstari haumhusu. "Ukiwataka warudi, unajua pa kukanyaga," alisema. Meneja alifuta uso na kumwahidi: Jumatatu atasema.

"Haya," alisema Mjomba, akaunganisha waya wa feni.

Na ile Jumatatu Meneja alikuwa na nia ya kweli. Lakini Mkurugenzi alileta wageni kutoka kiwanda cha pili waje kujionea utaratibu, na mtu hawezi kujivua nguo mbele ya wageni. Jumatatu iliyofuata boila ilikataa kuwaka. Iliyofuata aliamka na homa, au alijipa homa. Sababu hazikumwishia, zilikuwa zinamjia zenyewe kila Jumapili jioni, kila moja imevaa vizuri. Hivyo ndivyo mtu mwema anavyochelewa: kila siku anasogeza kidogo tu.

Kisha ikaja ile semina. Chama cha wakuu wa makampuni kilimwalika azungumze hotelini mbele ya watu mia mbili, mada ikiwa jinsi ya kujenga kazini watu wanaowajibika. Alivaa suti ya bluu. Alieleza vizuri sana habari ya mstari wa njano, na watu waliandika. Alisema kiongozi asiyetaka kusikia habari mbaya ndiye wa mwisho kuzisikia. Alisema adhabu inafundisha watu kuficha na wala haifundishi kazi. Yote yalikuwa kweli. Wakati wa maswali alinyanyuka mwanamama mmoja mwenye miwani, mkuu wa kiwanda cha nondo, akauliza kwa adabu: na wewe mwenyewe, Meneja, mara ya mwisho kusimama kwenye mstari ilikuwa lini?

Meneja alitabasamu. Akasema mume wake humsimamisha kila siku nyumbani.

Ukumbi uliangua kicheko, makofi yakapigwa, na yule mwanamama akakaa bila kucheka. Meneja aliporudi kwenye kiti chake alikuta simu sita za mama yake. Mjomba alikuwa ameanguka barazani, amelazwa, daktari anasema ni moyo.

Ilikuwa Jumanne. Alimkuta kwenye wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani, amelala juu ya shuka lenye alama ya bluu ya kiwanda chao. Alikuwa anahema kwa shida lakini akili ipo. Alishika pindo la shuka kwa vidole viwili, akalikagua, akasema pasi ya kwanza imeanza kuunguza upande mmoja, wakaangalie kitambaa cha rola. Meneja alisema wataangalia. Mama yake alikaa upande wa pili akimpangusa kakake paji la uso, akimgombeza kwa kutokula. Hapakuwa na nafasi ya kusema lolote, na Meneja aliona aibu kwamba alishukuru.

Alitoka pale akamwapia Mwenyezi Mungu kwamba Jumatatu hii, hata boila ilipuke. Na safari hii alikuwa amekata shauri kweli. Usiku ule ule aliandika barua mbili, moja ya Mkurugenzi na moja ya mkaguzi wa kazi, akaeleza ni nani aliyetoa amri ya kufunga kinga. Akaziweka kwenye mkoba zisubiri. Alihesabu siku: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Siku tano si nyingi. Hakufikiria kwamba angeweza kusema Jumatano. Mstari ni wa Jumatatu, ndivyo alivyouzoea, na mtu mwingine yeyote angeona kwamba siku yoyote watu wote arobaini wako pale pale. Kanuni aliyoitunga mwenyewe ndiyo iliyomshika mguu.

Mjomba alikata kauli Ijumaa usiku, na alfajiri ya Jumamosi akaaga dunia. Walimzika Jumapili. Kiwanda kizima kilikuja, na gari la mashuka ndilo lililowabeba. Meneja alisimama karibu na mama yake, na mama yake hakumwegemea yeye, alimwegemea dereva.

Jumatatu saa moja na nusu walikuwa wamejipanga, wengine macho bado mekundu. Barua zilikuwa zimeshapelekwa asubuhi ile. Meneja aliweka daftari juu ya meza ya kukunjia, akazunguka, akauvuka mstari, akageuka, akasimama juu yake akiwatazama. Rangi ilikuwa imefifia. Hakuwahi kuiona kwa karibu tangu siku aliyoipaka.

"Ni mimi," alisema. "Jumatano ile Fundi alinipigia simu akaomba siku mbili. Nilimwambia aifunge kinga. Akaniambia ile ni kinga, nikamwambia najua. Kesho yake Mama Pacha akaumia. Jumatatu Fundi alisimama hapa, akasema lake, akaniacha niseme langu, na sikusema. Halafu nikatia saini barua inayosema yeye ni mzembe. Mzembe ni mimi."

Kanuni ilimtaka sasa aseme atakavyorekebisha. Alisema mkaguzi na Mkurugenzi wameandikiwa, na jina la Fundi litasafishwa kwenye karatasi zote hata kama yeye ataondoka leo. Alisema Mama Pacha atadai haki yake na yeye atakuwa shahidi wake popote. Alipofika kwa Mjomba mwenyewe alifungua kinywa, na hapakuwa na kitu cha kusema. Alisimama hivyo hivyo, mikono ikining'inia, machozi yanamtoka mbele ya watu wote, wala hakuyafuta.

Halafu Mama Pacha akatoka kwenye safu. Alikuja taratibu, akasimama kwenye mstari kando ya Meneja, mkono wa kulia ameuficha ndani ya kanga kama alivyozoea sasa.

"Na mimi nina langu," alisema. "Lakini kwanza, Meneja, tulijua. Jumatano ile mikono yake ilikuwa na grisi, simu aliiweka spika juu ya meza ya pasi. Tulikusikia wote. Wenzangu walitaka kwenda kwa Mkurugenzi siku alipofukuzwa. Yeye akawakataza. Alisema mwacheni, atasema mwenyewe, yule namjua."

Meneja aligeuka kumtazama.

"Mimi na wewe bado tuna yetu, na hasira yangu haijaisha, hayo tutayaongea. Ninalotaka kusema ni hili. Tangu nirudi kazini, kila Jumatatu saa tatu Mjomba alikuwa ananipigia. Anauliza, amesimama? Namwambia bado. Anasema, haya, Jumatatu ijayo. Wiki zote hizo. Ijumaa nilikwenda kumwona hospitali, akaniuliza tena, sauti imeshakuwa ya kupapasa. Nikamwangalia alivyokuwa. Nikamwambia ndiyo, amesimama, amesema yote, mbele ya watu wote. Ni mimi. Nilimdanganya mtu anayekufa. Na hilo sijui linarekebishwaje."

"Akasema nini?" Meneja aliuliza, kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia.

"Alicheka kidogo. Akasema, 'Si unaona? Yule ni mtoto wa dada yangu.' Halafu akalala."

Mama Pacha akarudi kwenye safu, na wenzake wakampisha. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika chache, na hakuna aliyekwenda kuwasha mashine.